Macho ya Mpimaji wa Mfereji

Lililomfichua Mpimaji ni daftari lake mwenyewe. Alirudi nalo nyumbani Jumatano moja mchana, akaliweka juu ya meza ya chakula, akamwambia mkewe kwa sauti ya mtu asiye na neno, "Hebu nisomee mstari wa mwisho. Miwani nimeisahau maabara."

Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake, alijifuta mikono, akafungua. Mstari wa mwisho haukusomeka. Tarakimu zilikuwa zimeandikwa juu ya tarakimu, hesabu za wiki tatu zimelundikana mahali pamoja kama mshono uliorudiwa na mtu anayesinzia. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe pe.

"Miwani yako iko puani," alisema Fundi.

Mpimaji akaigusa. Akakaa. Kisha akayatoa yote, bila kuulizwa tena. Mwaka mzima alikuwa akienda kwa daktari wa macho huku akiaga kwamba anakwenda mkutanoni. Mishipa ya macho ilikuwa imechoka. Dawa ya matone ingechelewesha tu, isingerudisha kilichokwenda. Kwa sasa aliona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba lililojaa moshi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Na kazi unafanyaje?"

Mpimaji akacheka kidogo, kicheko kisicho na uchangamfu. "Nakumbuka," alisema.

Kazi yenyewe haikuwa ya kukumbuka. Maji ya mji mzima yalitoka mtoni kwa mfereji mpana hadi kituo cha kusafisha maji, na ndani ya maji hayo uliishi mwani mdogo kiasi kwamba tone moja lilibeba mamia. Kila Jumanne na kila Ijumaa Mpimaji aliutazama kwa hadubini, akauhesabu, akaandika. Hesabu hiyo ndiyo iliyowaambia watu wa mitambo lini waoshe machujio kabla hayajaziba, na lini wamwage unga wa mkaa kuondoa harufu na sumu. Kwa miaka ishirini na miwili hapakuwa na mwingine. Waliowahi kutumwa kujifunza waliumwa kichwa baada ya wiki moja, wakaomba kazi nyingine.

Na nyumba ilikuwa ya kazi. Ilikaa ndani ya uzio wa kituo, vyumba viwili na jiko, ukutani kukisikika mngurumo wa pampu usiokatika. Mwenye kazi akiondoka, alipewa siku thelathini.

"Niazime macho yako," Mpimaji alimwambia mkewe. "Miaka mitatu tu, nistaafu kwa heshima."

Alilitamka lile "tu" upesi upesi, kama mtu anayeruka dimbwi.

*

Kati ya nyumba za wafanyakazi na mitambo palikuwa na lango la ndani, na langoni pale aliketi Mlinzi na daftari la wageni. Ijumaa ile Fundi alifika na vyombo vya chakula ndani ya kikapu.

"Sababu ya kuingia?" aliuliza Mlinzi, ingawa walikuwa wakisalimiana kila siku.

"Chakula cha mume wangu."

"Leo kumetoka jua upande gani?" Mlinzi akatania, akaandika: chakula.

Maabara ilikuwa chumba chembamba chenye sinki moja, meza moja, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe ili jua lisiharibu maji ya chupani. Mpimaji alifunga mlango kwa ufunguo. Alijua kila kitu kilipo kwa mkono. Akachukua chupa iliyotiwa aidini tangu jana yake, ile dawa ya hudhurungi inayoua mwani na kuufanya uzame chini, akanyonya kidogo kwa mrija, akaweka tone juu ya kioo chenye miraba midogo midogo. Yote hayo aliyafanya bila kutazama. Kisha akasimama kando.

"Chungulia. Unaona nini?"

"Naona kope zangu."

"Usikaze uso. Sogea nyuma kidogo. Sasa?"

"Naona... aa! Wadudu!"

"Si wadudu, ni mimea. Punguza sauti."

Walianza hivyo. Yeye alieleza alichoona, mumewe akautaja mwani kwa jina. Majina ya kitaalamu yalikuwa marefu na yenye kukwaruza koo, kwa hiyo wakajiwekea ya kwao. Vilivyonyooka kama sindano wakaviita vijiti. Vilivyochongoka ncha mbili wakaviita mitumbwi. Palikuwa na minyororo, na matofali, na mipira ya kijani inayoshikamana kama familia isiyotaka kuhama. Na palikuwa na shanga, ambazo Mpimaji alimweleza siku ya kwanza kabisa, kabla hazijaonekana hata moja.

"Zimetungwa kama shanga kweli, rangi ya bluu iliyochanganyika na kijani. Kati yao moja moja ni nyeupe, kubwa kuliko wenzake. Ukiona hizo, niambie kabla hujapumua."

Ilimchukua wiki saba kuhesabu kioo kimoja bila kupotea. Jambo lililomwokoa ni ushonaji. Aliyezoea kufuata uzi wa kitambaa cheusi kwenye mwanga hafifu hatishwi na miraba mia. Alikwenda safu kwa safu, mdomo ukihesabu bila sauti, na Mpimaji akiandika kwa herufi kubwa zilizopinda. Baadaye hata hilo akalichukua Fundi, akajifunza kuiga mwandiko wa mumewe kama ulivyokuwa zamani.

*

Mwaka ukapita ndani ya kile kioo. Fundi, ambaye zamani alijua majira kwa nguo walizoleta wateja, sasa aliyajua kwa mwani. Mvua zilipokuwa zikimwaga, kioo kilijaa matope na vumbi la mawe, na katika miraba mia alipata vijiti kumi, vilivyovunjika, vilivyong'olewa kwenye mawe ya juu huko na kuburutwa. Mvua zilipokatika na maji kutakata, mitumbwi ilizaliana kama iliyoagizwa. Baridi ilipoingia ikaja minyororo, na nyuma yake vijiti, vingi mno, vikiziba machujio hata watu wa mitambo wakawa wanayaosha kutwa mara mbili na kumtukana mtu wasiyemjua. Baridi ilipopungua ikaja mipira. Kila kundi lilishika mfereji, likashiba, likapisha jingine.

Yeye mwenyewe hakumpisha mtu. Jumanne na Ijumaa alikuwa maabara tangu asubuhi hadi jioni, na Jumatatu na Alhamisi alimsindikiza mumewe kuteka maji, akijifanya wanatembea, kumbe anamshika kiwiko asije akatumbukia. Ilibaki siku moja ya kazi kwa wiki. Kibanda chake cha ushonaji, kilichokuwa barabarani nje ya uzio, kilikuwa kimefungwa zaidi ya kilivyofunguliwa. Wateja walivumilia, halafu wakachoka. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake hivyo hivyo kilivyokatwa, mikono upande huu, kifua upande ule, akasema hana ugomvi, ila ana haraka.

Basi wifi yake, dada mdogo wa Mpimaji, akajitolea kukishika kibanda. "Kwa muda tu, wifi yangu. Wewe shughulikia mambo yako." Wifi hakujua mambo yenyewe ni yapi, alidhani Fundi amechoka. Baada ya miezi mitatu kibao cha mlangoni kilikuwa kimepakwa rangi mpya, na Fundi alipopita siku moja, mteja alimuuliza kwa adabu kama na yeye amekuja kupimwa.

Alimwambia Mpimaji jioni ile. Mpimaji alikuwa akimenya chungwa kwa vidole, polepole, ganda zima likitoka bila kukatika, kwa sababu mikono ilikuwa imeanza kujua mengi.

"Miaka miwili imebaki," alisema.

"Miwili na miezi minne."

"Unahesabu?"

"Si ndiyo kazi uliyonipa?"

Pampu zikaendelea kunguruma ukutani.

*

Ugomvi wao mkubwa uliletwa na shanga. Joto lilikuwa ndiyo kwanza linaanza. Mto ulikuwa umepungua mapema mwaka ule na maji ya mfereji yalikwenda kwa uvivu, karibu kusimama. Ijumaa hiyo Fundi aliinama kwenye hadubini, akahesabu mraba wa kwanza, akanyanyua kichwa.

"Shanga."

"Hapana," alisema Mpimaji.

"Zina ile nyeupe katikati."

"Shanga haziji kabla ya joto kali. Bado wiki sita, saba. Miaka ishirini na mitatu sasa sijaziona mwezi huu. Hiyo ni mipira iliyojipanga vibaya."

"Mume wangu, mimi ndiye ninayetazama."

Hakuwahi kumwambia hivyo kabla. Mpimaji akapapasa meza, akapata kiti, akaketi.

Fundi alihesabu kioo kizima, akaosha, akaweka tone jingine, akahesabu upya. Jumla ilikuwa zaidi ya mia sita. Kwa kipimo cha kituo, mia mbili zilitosha kupiga simu makao makuu.

"Andika hamsini," alisema Mpimaji.

"Ni mia sita."

"Ukiandika mia sita watakuja. Watataka kuona. Watanikalisha hapo ulipokaa wewe, na kila kitu kimekwisha. Andika hamsini, halafu wiki ijayo mia, halafu mia na tisini. Tuzipandishe taratibu mpaka joto lifike."

"Na watu wanaokunywa?"

Mpimaji alikuwa mtu mwema. Hata katika miezi ile ya kukumbuka tu, aliwahi kuamka alfajiri kwa hofu kwamba amewakosea watoto wa watu. Lakini hofu ya kutolewa nyumbani ilikuwa imeketi juu ya zile nyingine zote.

"Machujio yatazuia," alisema hatimaye, naye mwenyewe hakuamini.

Fundi alishika kalamu. Alijua anachokishika. Akiandika hamsini, atarudi nyumbani salama kuendelea kufungiwa. Akiandika mia sita, huenda mlango ukafunguka, na wote wawili wakatupwa nje. Alitazama dirisha lile jeupe lisiloonyesha kitu. Akaandika mia sita na kumi na mbili, kwa mwandiko wa mumewe, akapeleka daftari mwenyewe kwa Meneja wa kituo kabla moyo haujageuka.

"Shemeji, leo umekuwa tarishi?" Meneja alitania. Kisha akasoma, utani ukamkauka mdomoni.

Siku ile ile unga wa mkaa ulimwagwa kwenye matangi, na lango la mfereji likafunguliwa zaidi ili maji yaende kasi. Chupa tatu zilipelekwa makao makuu. Majibu yalirudi baada ya siku nne: shanga, tena za aina yenye sumu, na lau zingeachwa wiki mbili, mji ungeugua. Mpimaji alisomewa barua ile mbele ya wafanyakazi wote. Wakampigia makofi. Yeye alisimama na kutabasamu upande usio na watu.

*

Mtaalamu alifika kutoka makao makuu wiki iliyofuata. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye viatu vya matope na mkoba mzito, na hakupenda maneno mengi. Alikuwa amepitia madaftari ya miaka mitano.

"Mzee, nimekuja kukuamkia na kukupongeza," alimwambia Mpimaji wakiwa maabara, Meneja kando yake. Fundi alikuwa sinkini akijifanya anaosha vyombo vya chakula. "Ila kuna jambo sikulielewa. Kuna kipindi, miaka miwili iliyopita, hesabu zako zinafanana mwezi kwa mwezi na za mwaka uliotangulia. Kabisa. Halafu ghafla zinakuwa nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya. Nani alikufundisha upya?"

"Umri," alisema Mpimaji. Meneja akacheka.

"Basi nataka utufundishe na sisi." Mtaalamu alichukua chupa ya jana, akaweka tone kwenye kioo, akakipachika hadubinini. "Nielezee unachokiona, nami niandike."

Fundi aligeuka, kisahani mkononi. Mpimaji alikuwa amekwisha kuketi. Aliinama vizuri, mgongo umenyooka, vidole vikigusa gurudumu la hadubini kwa upole wa miaka yote ile. Akaanza kueleza. Mipira mingi, alisema, imeanza kuachana. Shanga chache, fupi fupi, zinavunjika kwa sababu maji yanakwenda kasi sasa. Mtumbwi mmoja pembeni, mkubwa, tumbo lake limejaa rangi ya dhahabu. Alieleza kwa namna ambayo ungetamani kuwa pale. Meneja alikuwa akitikisa kichwa kwa sifa.

Taa ya hadubini ilikuwa haijawashwa.

Fundi aliliona hilo, akamtazama Mtaalamu, akaona naye amekwisha kuliona. Kidole cha Mtaalamu kilikuwa karibu na swichi. Alisahau kuiwasha au alifanya makusudi, Fundi hakupata kujua. Mpimaji aliendelea kueleza giza.

"Inatosha," alisema Fundi. Sauti yake ilimshtua mwenyewe. "Mume wangu, inatosha. Taa haijawaka."

Mpimaji hakunyanyua uso, aliuacha pale pale, macho yamebanwa kwenye vioo, kama mtoto anayedhani asipotazama haonekani.

"Ni mimi," Fundi akamwambia Mtaalamu. "Mwaka mmoja na miezi mitatu. Yeye haoni. Ile mia sita ni yangu, na mwandiko ni wangu. Kama kuna wa kushtakiwa, basi ni mimi."

Mtaalamu akawasha taa. "Karibu uketi, mama," alisema.

Fundi alihesabu kioo kizima mbele yao. Nyuma yake alisikia mumewe akipumua. Alipomaliza, Mtaalamu alikirudia yeye mwenyewe, na hesabu zao zikapishana kwa tatu.

Jambo la ajabu ni kwamba Fundi alipokuwa akirudi nyumbani siku ile, akimshika kiwiko mtu aliyemaliza kazi yake, alijisikia mwepesi. Yamekwisha, aliwaza. Watatufukuza, tutapanga chumba mahali, nitamwambia wifi anirudishie kibanda. Aliwahi hata kupanga nguo mbili tatu sandukuni.

*

Barua ilikuja siku ya kumi na sita, na Meneja aliileta mwenyewe, uso umemjaa furaha. Mpimaji anastaafishwa kwa sababu ya afya, bila shtaka, kwa kuzingatia utumishi wake. Mkewe anaajiriwa mahali pake baada ya mafunzo ya mwezi mmoja. Nyumba itabaki mikononi mwao kwa muda wote atakaokuwa kazini.

"Hongera, shemeji!" alisema Meneja. "Makao makuu wamepigana kwa ajili yako. Hawajawahi kufanya hivi."

"Kwa muda gani?" aliuliza Fundi.

"Vipi?"

"Kazi. Ni ya muda gani?"

"Ya kudumu!" Meneja alisema, kama anayempa zawadi ya pili. "Mpaka ustaafu. Una miaka kumi na minne mbele yako."

Wifi alikuja mbio na keki. Alimkumbatia Fundi, akasema sasa hata lile suala la kibanda limejimaliza lenyewe, maana alikuwa akiona aibu kulizungumza. Majirani wakaja. Mlinzi akaja na kofia mkononi, akasema kuanzia Jumatatu hatamwandika tena kwenye daftari la wageni. Katika watu wote wale hakuna aliyemuuliza kama anaitaka.

Wageni walipoondoka, kalamu ilikuwa bado juu ya barua. Fundi alimtazama mumewe akitoka chumbani kwenda jikoni. Hakupapasa. Hatua nne, mkono kwenye ukingo wa mlango, hatua mbili, birika. Alimimina maji kwenye kikombe na kusimamisha mkono yalipotosha, kwa kusikiliza tu. Katika nyumba nyingine yoyote, mtu huyu angekuwa kipofu.

Akasaini.

Mvua zilifika mwezi aliorudi kutoka mafunzoni. Mfereji ulijaa matope, na miraba mia ikarudi kuwa na vijiti kumi. Sasa alijua majina marefu ya kila mmoja wao, na hapakuwa na mtu wa kumtajia. Aliandika barua akiomba mtu wa pili afundishwe kuhesabu. Meneja aliisoma, akasema wazo ni zuri sana, akaiweka chini ya nyingine. Mvua zilipokatika aliandika ya pili. Ya tatu aliipeleka baridi ilipoingia, akiwa ameambatisha jina la msichana wa mapokezi aliyeonyesha kupenda, na hiyo angalau ilijibiwa: itajadiliwa.

Jioni moja ya baridi hiyo, walipokuwa wamekaa barazani na Mpimaji akimenya chungwa, Fundi alilitoa lililomkaa moyoni.

"Sikuitaka kazi hii."

Vidole vya Mpimaji vikasimama.

"Najua," alisema. "Siku ile ulikaa na kalamu kitambo kirefu. Nilikuwa jikoni nimesimama na kikombe, nasubiri."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Ningekwambia usisaini, halafu twende wapi, mke wangu? Nilimwomba Mungu usaini. Kisha nikaona haya."

Fundi alikuwa amengoja ajisikie amekasirika, na hasira ilikuja kweli, ila ilikuja imechoka, ikaketi kati yao kama mgeni wa tatu. Mpimaji alimpa nusu ya chungwa. Alilishika, hakulila.

"Yule msichana wa mapokezi," alisema Mpimaji baadaye, "ana macho mazuri?"

"Anasema hachoki."

"Mlete hapa Jumamosi. Mimi siwezi kumwonyesha, lakini naweza kumweleza. Si lazima tumngoje Meneja."

Fundi alimgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kumletea kitu ambacho hakikuwa mzigo. Hakujua kama kitafika popote. Msichana angeweza kuumwa kichwa wiki ya kwanza kama wenzake wote, na miaka kumi na minne ilikuwa bado karibu yote mbele. Akala kipande kimoja cha chungwa. Kisha akanyanyuka kwenda kutia aidini kwenye chupa za Ijumaa, maana hizo hazikungoja Jumamosi wala mjadala.